UZI: Waliowekwa uzioni Berlin 1896 na Tervuren 1897. Mikataba, vipimo, mafuvu, na namna ya kuwatafuta leo

#1 Mwanakumbukumbu

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna ile picha ya Brussels 1958, mtoto mweusi nyuma ya uzio na mama wa Kizungu ananyoosha mkono kumpa chakula. Kila ikirudi mitandaoni watu wanalaani, wanasambaza, kisha wanarudi kwenye Simba na Yanga. Hasira ni haki yao. Lakini ukiuliza yule mtoto alifikaje pale, nani alisaini karatasi, meli gani, alilala wapi, kimya.

Uzi huu ni wa hayo. Maonesho ya watu yalikuwa biashara na yalikuwa kazi ya serikali, na vyote viwili huacha karatasi. Nitaanza na misingi, wenye nondo mshushe.

Aliyeipa biashara hii sura yake ni Carl Hagenbeck wa Hamburg, muuza wanyama. Mwaka 1874 aliagiza kulungu wa kaskazini, akawaleta pamoja na familia ya Wasami, wenyeji wa kaskazini ya Ulaya, waliokuwa wakiwafuga. Wateja wakajaa kuwatazama Wasami, kulungu wakawa kisingizio tu. Mwaka 1876 akaleta Wanubi kutoka Sudan. Mwaka 1877 bustani ya Jardin d'Acclimatation ya Paris ikaiga. Kuanzia hapo kundi likishakusanywa linazungushwa mji kwa mji: wiki kadhaa hapa, wiki kadhaa pale, tiketi mlangoni, kadi za posta kwenye meza ya kutokea.

Linalotugusa moja kwa moja ni Treptow, Berlin, kuanzia tarehe 1 Mei hadi 15 Oktoba 1896. Ujerumani iliandaa maonesho yake ya kwanza ya makoloni ndani ya maonesho makubwa ya viwanda. Wakaletwa watu 106 kutoka Togo, Kamerun, Namibia ya leo, Guinea Mpya na Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kundi letu liliandikwa kwa mafungu mawili: "Waswahili" na Wamaasai. Walikaa kando ya bwawa la Karpfenteich, na bwawa hilo lipo mpaka leo ndani ya bustani ya Treptow, watu wanafanyia mazoezi ya kukimbia.

Kumbukeni tarehe. Mwaka 1896 Kalenga, ngome ya Wahehe, imeshaanguka, lakini Mkwawa bado yuko porini anapigana. Abushiri alinyongwa Pangani 1889. Berlin wanaambiwa koloni limetulia na wenyeji wake hawa hapa, njooni muwaone.

#2 Kwikuru_Tabora

Mkuu, kwenye hilo la Treptow kuna jambo ambalo watu wa Unyanyembe wanapaswa kulijua. Jengo kubwa la sehemu ya Afrika Mashariki lilikuwa nakala ya ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe. Kwenye maandishi ya Kijerumani linaitwa "Quikuru qua Sike". Msomaji asiyejua anapita tu, kumbe ni Kwikuru kwa Isike, yaani makao ya mtemi Isike.

Isike alizingirwa Ipuli, Tabora, Januari 1893, na kikosi cha Tom von Prince. Alipoona ukuta umevunjwa alilipua ghala lake la baruti akiwa ndani. Miaka mitatu baadaye boma lake limejengwa upya Berlin kwa mbao na plasta, na watu wa koloni lile lile wakawekwa mbele yake wapigwe picha. Mtu anayesema maonesho yale yalikuwa "ya kitamaduni" nimwoneshe hilo jengo kwanza. Ilikuwa nyara ya vita.

#3 Hoja_Kinzani

Naomba niwe upande wa pili kidogo, msinipige mawe. Kama kulikuwa na mikataba, na watu walilipwa, basi tofauti yao na wasanii wanaokwenda Ulaya leo kucheza ngoma iko wapi? Mbona tunawaita wafungwa?

#4 Mwanakumbukumbu

Swali zuri, na jibu halifanani kwa kila kundi. Usiwachanganye.

Mkataba wa aina hii kwa kawaida ulitaja ujira, chakula, matibabu na nauli ya kurudi. Upande wa pili ulitaja saa za kuonekana, ngoma na "vita vya kuigiza", na nguo. Upime kwa maswali matatu: anaweza kuondoka kabla ya muda? Anaweza kukataa kupimwa na kupigwa picha? Nani anachagua nguo zake? La tatu ndilo linaumbua zaidi. Mtu wa pwani aliyezoea kanzu na kofia, au Mkameruni aliyesoma misheni na kuvaa suti, anaambiwa avae ngozi kwa sababu mteja kalipia "mshenzi".

Sasa tazama waliokuwa Treptow. Friedrich Maharero, mtoto wa Samuel Maharero wa Waherero, alikwenda kwa siasa za baba yake, kujenga uhusiano na Kaiser, mfalme wa Ujerumani. Hakujiona kama mtu wa sarakasi, na kwenye picha yuko na suti. Kwelle Ndumbe wa Kamerun alichoka kutazamwa, akanunua darubini ndogo za ukumbi wa tamthilia, akawa anawatazama watazamaji. Martin Dibobe, naye wa Kamerun, alibaki Berlin, akaajiriwa kwenye treni za mjini na kuwa dereva. Mwaka 1919 yeye na Waafrika wengine 17 walipeleka serikalini madai 32, likiwemo la usawa mbele ya sheria.

Kwa hiyo kulikuwa na mkataba, na kulikuwa na unyanyasaji ndani ya mkataba huo huo. Upande wa mwisho kabisa yuko Ota Benga, ambaye hakuwa na mkataba wowote.

#5 Tunda_la_Ituri

Jambo wandugu. Kwa kuwa Ota Benga ametajwa, nimalizie, halafu niende Tervuren maana huko ndiko Kongo ilipoonewa kwa wingi.

Samuel Verner, Mmarekani, alimnunua Ota Benga 1904 kwa wafanyabiashara wa watumwa, kwa chumvi na kitambaa, ampeleke kwenye maonesho ya St. Louis. Septemba 1906 akawekwa kwenye nyumba ya nyani, Bronx Zoo, New York. Kwenye kizimba waliandika umri wake, miaka 23, urefu, futi 4 na inchi 11, uzito, ratili 103, nani kamleta, na kwamba huoneshwa kila alasiri mwezi wote wa Septemba. Ni kibao kile kile cha mnyama, namna ile ile ya kupanga maneno. Waliopigana atolewe ni wachungaji weusi wa New York, mbele yao James Gordon aliyekuwa akisimamia kituo cha yatima weusi Brooklyn. Alitolewa mwezi huo huo. Tarehe 20 Machi 1916 alijiua kwa risasi huko Lynchburg, Virginia. Taasisi inayoendesha bustani ile iliomba radhi Julai 2020, miaka 114 baadaye.

Tervuren. Mwaka 1897 Leopold II, mwenye Kongo kama shamba lake binafsi, aliweka sehemu ya makoloni ya maonesho ya Brussels kwenye ardhi ya kifalme Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Ikatengenezwa barabara pana na reli ya tramu ya umeme kuwafikisha watu. Wakaletwa Wakongo 267, wakiwemo askari wa Force Publique, jeshi la Leopold huko Kongo, kwa meli ya Albertville hadi Antwerp. Vijiji vitatu vya makuti kando ya maji, na cha nne cha watoto waliosomeshwa na padri, kuonesha "kabla na baada ya ustaarabu". Mchana wapo vijijini. Usiku wanalala kwenye mazizi ya farasi wa mfalme.

Wageni zaidi ya milioni moja. Wakawa wanawarushia vyakula, watu wakaugua matumbo. Waandaaji wakaweka kibao kwamba weusi hawa hulishwa na kamati. Hilo ndilo suluhisho walilolipata: kibao.

Majira ya joto yale yalikuwa ya mvua na baridi. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Walizikwa kwanza kwenye ardhi isiyobarikiwa, kwa wazinzi na waliojiua. Makaburi yalihamishwa mwaka 1953 na sasa yako pembeni ya kanisa la Tervuren. Ukienda kwenye makumbusho ya Afrika yaliyopo Tervuren usiishie humo ndani, tembea hadi kanisani. Tahajia za majina hubadilika kidogo kutoka chapisho hadi chapisho, "Ngemba", "Nzau", "Mpemba", "Sambo", kwa hiyo ukinakili nakili kwenye jiwe lenyewe.

#6 Daktari_wa_Meli

Niongeze upande wa afya, maana watu husema "walikufa kwa baridi" na kuishia hapo.

Vifo vya maonesho haya vilikuja kwa njia tatu. Ya kwanza ni ndui. Mfano unaofundishwa sana ni wa Wainuit 8 kutoka Labrador, mwaka 1880. Wakala wa Hagenbeck, Adrian Jacobsen, aliwaleta bila chanjo. Chanjo ilikuwepo kwa zaidi ya miaka 80, na Ujerumani yenyewe ilishaifanya ya lazima kwa raia wake mwaka 1874. Watatu walifia Ujerumani, watano Paris Januari 1881. Wote wanane wakaisha. Mmoja wao, Abraham Ulrikab, alikuwa anajua kusoma na kuandika, akaacha shajara kwa lugha yake. Mifupa ya waliofia Paris haikuzikwa, ilikutwa baadaye kwenye ghala la makumbusho.

Ya pili ni mapafu: mafua makali, nimonia, kifua kikuu. Chanzo chake hakikuwa hali ya hewa peke yake. Vibanda vya maonesho vinajengwa vipendeze machoni, havina sakafu wala moto wa kutosha. Nguo za "asili" zinaacha kifua wazi. Watu wamebanana usiku. Na kukohoa hakukupi ruhusa ya kutoka jukwaani.

Ya tatu ni tumbo, kama alivyosema ndugu wa Ituri: chakula kigeni, maji, na vitu vya kurushiwa.

Baada ya 1881 chanjo ikawa sharti, lakini kilichowasukuma zaidi ni hasara: kundi likifa, ziara imekufa.

#7 Shabiki_Les_Bleus

Kwa wapenda mpira: Christian Karembeu, bingwa wa dunia 1998 na Ufaransa, babu wa babake ni mmoja wa Wakanaki wa New Caledonia walioletwa Paris 1931 wakaoneshwa kama wala watu. Baadhi ya kundi lao walipelekwa Ujerumani kwa kubadilishana na mamba. Ndiyo maana wimbo wa taifa ukipigwa Karembeu alikuwa hafungui mdomo.

#8 Mwanakumbukumbu

Narudi Berlin kwa jambo linalofunganisha maonesho na mafuvu, maana watu huyachukua kama mada mbili.

Treptow alikuwepo Felix von Luschan wa makumbusho ya Berlin. Hakwenda kutazama ngoma. Alipima: urefu wa kichwa kutoka paji hadi kisogo, upana juu ya masikio, pua, mikono, rangi ya ngozi. Kugawanya upana kwa urefu na kuzidisha kwa 100 kulimpa namba ya kichwa, na kwa namba hiyo watu wakapangwa kama samaki sokoni. Baadaye akatoa kipande chenye vigae 36 vya kioo cha rangi, uweke karibu na ngozi ya mtu usome namba. Baadhi ya waliokuwa Treptow walikataa kupimwa au kupigwa picha walivyotakiwa, na yeye mwenyewe aliandika kwa kulalamika. Vipimo vilichapishwa 1897.

Luschan huyo huyo alikuwa akiwaandikia maofisa na madaktari wa jeshi walioko makoloni wamtumie mafuvu. Aliye hai alipimwa Treptow, aliyekufa alitumwa ndani ya sanduku. Mkono mmoja, daftari moja.

#9 Kyaro_Old_Moshi

Na hapo ndipo Uchagga unaingia. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine 18 wa Kilimanjaro na majirani. Familia inashikilia kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake ametumia miaka mingi kukidai.

Hali ilivyo sasa. Mwaka 2011 mafuvu ya mkusanyiko wa Luschan yalihamishwa kutoka hospitali ya Charité kwenda kwa Stiftung Preußischer Kulturbesitz, taasisi ya makumbusho za Berlin. Kuanzia 2017 walichunguza 1,135 yaliyohusishwa na Afrika Mashariki. Matokeo ya Septemba 2023: 904 ni ya Rwanda, 202 Tanzania, 22 Kenya. Hiyo 904 isikushangaze. Msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg wa 1907 na 1908 ulipita Rwanda na Jan Czekanowski alikuwa anakusanya mafuvu kwa wingi.

Kwa Uchagga walilinganisha vinasaba na ndugu walio hai. Fuvu moja, la Akida, mshauri wa Mangi Meli, lilioana kabisa na uzao wake. Mengine mawili yalikaribia sana. La Meli mwenyewe halikupatikana humo.

#10 Hoja_Kinzani

Nimekubali hoja ya #4. Sasa swali la vitendo: familia ikitaka kudai, vinasaba si vinamaliza kila kitu? Chukua mate, linganisha, basi.

#11 Maabara_Kwanza

Laiti ingekuwa hivyo. Yako mambo yanayoangusha.

Kwanza, kutoboa fuvu ni kuliharibu. Sampuli nzuri hutoka kwenye jino au mfupa mgumu wa sikio la ndani. Familia lazima ikubali kwanza, na iambiwe wazi kwamba unga ule haurudi. Ziko familia zilizokataa, na wana haki.

Pili, vinasaba gani. Kipande cha Y, yaani kromosomu ya kiume, hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume tu. Mdai akiwa mjukuu wa kiume kwa mwana, safi. Akiwa mjukuu kwa binti, Y yake ni ya ukoo mwingine na majibu yatasema "hapana" wakati yeye ni damu kabisa. Kile cha upande wa mama hupita kwa mama kwenda kwa watoto wote, lakini mtoto wa kiume hakiendelezi. Kwa hiyo kabla ya kuchukua mate kaeni na wazee mchore ukoo, kila ndoa, kila mke, hata ndoa zisizotajwa hadharani. Ukoo ukiwa na mtoto aliyelelewa bila kuzaliwa humo, jambo hilo litatoka maabara. Watu wajiandae.

Tatu, vizazi. Kadiri mnavyokwenda mbali ndivyo vinasaba vya kawaida vinavyopungua, babu wa babu anakupa takriban sehemu moja ya 16. Na katika eneo ambalo koo zimeoana kwa karne nyingi, "kukaribia" kunaweza kuwa ujirani tu.

Nne, vinasaba vinalinganisha na fuvu lililopo mkononi. Kama fuvu liko kwingine havisaidii. Mkusanyiko binafsi wa Luschan uliuzwa New York, American Museum of Natural History, mwaka 1924. Kutafuta Berlin peke yake ni nusu ya kazi.

#12 Kalenga1898

Mfano wa kazi iliyofanyika bila vinasaba ni Mkwawa. Alijipiga risasi Julai 1898, kichwa kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu lake kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining alikwenda makumbusho ya Bremen kwenye rundo la mafuvu, wakachuja ya Afrika Mashariki, wakatafuta lenye namba ya kichwa inayokaribia ya ndugu wa Mkwawa, na lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika. Liko Kalenga, nje kidogo ya Iringa.

Wako wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe. Kwa njia iliyotumika, shaka hiyo ina msingi. Kejeli ni kwamba kipimo kilichomrudisha ni kile kile cha wabaguzi.

#13 Mama_Nyaraka

Jamani, msiruke karatasi mkakimbilia maabara. Karatasi ni bure na haziharibu kitu.

Anzieni Berlin bila kupanda ndege. Hifadhi ya Ujerumani, Bundesarchiv, ina kumbukumbu za ofisi ya makoloni kwenye fungu R 1001, na sehemu kubwa imeshawekwa mtandaoni kupitia mfumo wao unaoitwa invenio. Mafaili ya utawala uliobaki huku yapo Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, yanaanza na herufi G. Nendeni na barua ya utambulisho, na mgeni awe na kibali cha utafiti mapema.

Linalokwamisha wengi ni tahajia. Mjerumani aliandika alivyosikia. Chagga mtaikuta Dschagga. Mkwawa ni Quawa. Uzaramo ni Usaramo, Kwikuru ni Quikuru, J yetu wanaiandika Dsch na Y yetu wanaiandika J. Basi "Jusuf" ni Yusufu, na "Dschuma" ni Juma. Tafuteni kila jina kwa tahajia nne au tano. Mkitafuta "Chagga" pekee mtapata ukurasa mtupu mkadhani hakuna kitu.

La pili ni mwandiko. Mafaili ya mkono yako kwa hati ya zamani ambayo hata Mjerumani wa leo haisomi; e inafanana na n. Transkribus, programu ya kompyuta ya kusoma mwandiko, inasaidia, ila ipeni kurasa safi, na majina ya mahali msiiamini, ndiko inakokosea zaidi. Ripoti zilizochapwa ni nafuu.

La tatu, usitafute kwa jina la babu tu. Tafuta kwa jina la ofisa aliyekuwa kwenye tukio, kituo chake na mwezi. Yeye ndiye aliyeandika ripoti, yeye ndiye aliyetuma sanduku. Kwenye fuvu lenyewe mara nyingi kuna wino wa namba na mahali. Namba hiyo inakupeleka kwenye daftari la kupokelea, na daftari linakupa aliyetuma.

#14 Mjukuu_wa_Askari

Kwa wanaodhani maonesho yaliisha na Kaiser: mwaka 1901 Berlin ilipiga marufuku kuwachukua watu wa makoloni yake kwa maonesho. Huruma haikuwepo. Walihofia kwamba mtu akishaona Ulaya, akaona Wazungu maskini, walevi, na wasichana wa Kijerumani wanaomwandikia barua, akirudi hatapiga saluti kama zamani.

Unaweza kuona ukweli wa hofu hiyo kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule mwandishi wa desturi za Waswahili. Alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1900, wanafunzi wake, maofisa watarajiwa, wakamdharau waziwazi. Akaoa Mjerumani, Bertha. Mwaka 1905 walipojaribu kurudi pamoja, serikali ya koloni ikawazuia kukaa. Mwalimu wa lugha anafaa, mume hafai.

Halafu Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, mtoto askari kwenye vita vya kwanza. Alifika Berlin 1929 akadai malimbikizo ya mshahara wa baba yake na wake, wakamkatalia. Akawa mhudumu, msaidizi wa Kiswahili chuo kikuu, mwigizaji wa filamu za kikoloni, na alionekana pia kwenye Deutsche Afrika-Schau, maonesho ya kuzunguka ya enzi ya Nazi. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake kwenye barabara ya Brunnenstraße, Berlin.

#15 Tendaguru_Fan

Na yule mjusi mkubwa wa Lindi aliyeko Berlin je?

#16 Msimamizi

Mjusi ana uzi wake. Tuendelee na mada.

#17 Ticha_Historia

Nashukuru kwa nondo. Ombi: kidato cha tatu wanaandaa ubao wa picha za Treptow. Maelezo ya chini ya picha ya kwanza yapo hivi: "Waafrika wa kabila la Waswahili katika kijiji chao nchini Ujerumani, 1896." Yanafaa?

#18 Mama_Nyaraka

Hayafai, Mwalimu, na si kosa lako, ndivyo kadi za posta zilivyoandika. "Kijiji chao" si chao, kilijengwa na waandaaji. "Kabila la Waswahili" ni jina la kwenye tiketi. Humo aliingizwa yeyote aliyeajiriwa pwani. Na picha haimtaji aliyeipiga wala aliyeilipia.

Kabla ya kuandika, itazameni chini: kama kuna changarawe iliyofagiliwa, miguu ya watazamaji pembeni, ubao uliopasuliwa kwa msumeno wa kiwandani. Waacheni wanafunzi wavitafute wenyewe, ni somo zuri kuliko hotuba. Na msitumie picha za vifua wazi wala watoto wakipimwa. Waliopigwa picha hawakuulizwa mara ya kwanza, msiwaamulie mara ya pili.

#19 Mwanakumbukumbu

Naongezea: Treptow kuna makumbusho ya wilaya, tangu 2017 ina maonesho yaliyojengwa kuzunguka watu wale 106 kwa majina na nyuso zao. Waandikieni wawape jina la kila aliyemo pichani kabla hamjaandika "hajulikani". Na picha ya Kwelle Ndumbe wekeni katikati ya ubao, na kisa cha darubini zake chini yake.

#20 Ticha_Historia

Nimeandika upya:

"Picha iliyopangwa, Treptow, Berlin, 1896. Watu walioletwa kwa mkataba kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, mbele ya jengo lililojengwa na waandaaji kwa kuiga ngome ya Isike wa Unyanyembe, aliyekufa miaka mitatu kabla. Nguo na mkao vilichaguliwa na waandaaji. Majina: tumeyaomba Berlin, Treptow."

#21 Kwikuru_Tabora

Safi sana. Rekebisha mawili. "Nguo na mkao vilichaguliwa na waandaaji" usiiandike mpaka uwe na ushahidi wa picha hiyo hasa, maana wapo waliokataa. Weka "mara nyingi vilichaguliwa". Na "aliyekufa" ni fupi mno. Andika "aliyelipua ghala lake la baruti akiwa ndani, Januari 1893, badala ya kushikwa na jeshi la Wajerumani".

#22 Ticha_Historia

Yote mawili yameingia. Ubao una nafasi ya mistari miwili zaidi, naweka kifungu cha 246 cha Versailles kwenye picha ya pili.